Mkulima wa Kirusi alimshinda Napoleon, akapewa nini?

Kila muhula ninapoanza kufundisha *Vita na Amani*, riwaya ya Mrusi Tolstoy, hakosi mwanafunzi wa kuuliza mbona kitabu chenye jina zito hivyo kinaanzia sebuleni St. Petersburg, Julai 1805, mabwana na mabibi wakipiga soga kwa Kifaransa. Nami humrudisha nyuma kidogo.

Tolstoy hakuanza na Napoleon. Alianza na mzee anayerejea Moscow mwaka 1856 baada ya miaka mingi ya kufungiwa Siberia. Mzee huyo ni Mdesembristi, mmoja wa walioasi Desemba 1825. Ili tumwelewe, mwandishi akalazimika kurudi 1825. Ili tuielewe 1825, akarudi 1812, mwaka Napoleon alipoivamia Urusi. Hapo napo akaona haya kusimulia ushindi wa Urusi bila aibu iliyoutangulia, akashuka hadi 1805, kwenye kipigo ambacho Warusi walikipata kwa Napoleon huko Austerlitz. Kurasa zikajaa, mzee wa Siberia akabaki nje ya kitabu.

(Mtandaoni utaambiwa jina hasa la kitabu ni “Vita na Dunia”, kwa kuwa *mir* kwa Kirusi ni amani na pia ni dunia. Si kweli. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1918 maneno hayo mawili yaliandikwa kwa herufi tofauti, na Tolstoy aliandika lile la amani.)

Sasa, ile 1812. Walioitwa kwenye mgambo wengi wao walikuwa watwana, yaani wakulima ambao kisheria ni mali ya bwana mwenye shamba. Wapo walioamini kwamba wakimfukuza Mfaransa watarudi wakiwa huru. Tarehe 30 Agosti 1814 Tsar Alexander I akatoa tamko la shukrani. Makabaila wakapata nishani, wafanyabiashara nishani, makasisi msalaba. Wakulima, “watu wetu waaminifu”, wakaambiwa ujira wao wataupata kwa Mungu. Nimelisoma tamko hilo mara nyingi na bado linanichoma. Utwana ulifutwa 1861, na kufikia hapo wengi waliopigana walikuwa kaburini.

Maofisa vijana waliona yote hayo. Walikuwa wamekula, kulala na kufa pamoja na wakulima hao, wakafika nao hadi Paris. Mmoja wao, Matvey Muravyov-Apostol, alisema wao ni watoto wa 1812. Tarehe 14 Desemba 1825, kwa kalenda ya zamani, wakapanga askari kwenye uwanja wa Seneti wakikataa kumlia kiapo Tsar mpya, Nicholas I. Mizinga ikawajibu. Watano walinyongwa, zaidi ya mia wakapelekwa Siberia.

Ndiyo maana humwambia mwanafunzi wangu asiruke hitimisho la kitabu, ingawa wengi hulichoka. Ni Desemba 1820, vita vimekwisha, nyumba imejaa watoto. Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, amerudi kutoka St. Petersburg, kichwa kimejaa mambo ya chama cha siri. Shemeji yake Nikolai Rostov, askari wa zamani, anamjibu waziwazi: wewe ni rafiki yangu mkubwa, lakini Arakcheyev, yule mtu mkali wa Tsar, akiniamuru nije na kikosi niwakatekate, sitasita hata kidogo. Pembeni amekaa kijana wa miaka 15, mtoto wa Prince Andrei, rafiki wa Pierre aliyekufa kwa jeraha la pigano la Borodino mwaka 1812, anasikiliza, na kwa kuhangaika anavunja kalamu zilizoko mezani.