"Utumbo kuvuja" ni nini, na CD4 zinaingiaje hapo

Ukikaa benchi la CTC, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, iwe Mbeya mjini au kule Makambako, hukosi kumsikia mtu analalamika, virusi nimeambiwa havionekani, dawa sikosi hata siku moja, mbona CD4, zile chembe za kinga, zimegoma mia mbili na kitu tu? Hapo ndo mtu anaanza kuwaza kalogwa. Kumbe sehemu ya shida inaweza kuwa tumboni.

Iko hivi, tunadhani kinga ya mwili inakaa kwenye damu kwa sababu ndo inakopimwa, ila sehemu kubwa ya askari wa mwili wamepiga kambi kwenye ukuta wa utumbo, maana huko bakteria hawaishi kupita. VVU wakiingia wanaivamia hiyo kambi ndani ya wiki chache za mwanzo, mtu hata hajui kama anao. Ukuta ukikosa walinzi unalegea, vipande vya bakteria vinapenya mpaka kwenye damu, hiyo ndo kuvuja kwenyewe. Sio tobo, na wengine hata hawaharishi. Kama kihenge kilichochakaa, kwa nje kimesimama vizuri tu ila punje zinadondoka moja moja usiku kucha.

Sasa mwili ukikuta uchafu huo kwenye damu unabaki vitani, virusi vimefubaa lakini kinga haipumziki, askari wanachoka wanakufa kabla ya siku zao. ARV zinasaidia sana, ila CD4 za utumbo zinarudi taratibu kuliko za damu, na waliochelewa kuanza dawa zikiwa zimeshuka mno wengine hazirudi zote. Ndo maana tangu 2016 hapa Tanzania ukikutwa nao unaanzishwa dawa, hamna tena kusubiri CD4 zishuke.

Wale wa unga wa kusafisha utumbo stendi, achana nao. Mtindi, maharage, mboga, parachichi la Rungwe, kula, ni chakula kizuri, ila usitegemee mtindi upandishe CD4, hilo halijathibitika. Pombe inazidi kuulegeza ukuta, na ulanzi ni pombe jamani, msinidanganye. Na ukisumbuliwa na kiungulia, vile vidonge vya kutafuna vinazuia TLD, kile kidonge cha ARV, isiingie vizuri mwilini, meza TLD masaa mawili kabla yake au sita baada. Septrini nayo, ile dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, usiiache mwenyewe eti umeshanenepa, subiri daktari akwambie.