Kijiji Kinapoukataa Mradi, Sheria Inasemaje?

Wanakijiji wanapoupinga mradi, hawakosi watu wa kusema kwamba wamekataa maendeleo na kudharau sheria. Kwa sisi tunaoshughulika na migogoro ya ardhi nchini Tanzania, kauli hiyo ni nyepesi mno, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yenyewe imekipa kijiji nafasi ya kukataa, ingawa imeiwekea mipaka.

Kwa mujibu wa kifungu cha 4, Rais akikusudia kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) kwa manufaa ya umma, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji baada ya kupokea mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Likizidi hapo, kijiji hubaki na haki ya kusikilizwa tu, na uamuzi huwa wa waziri wa ardhi. Wengi hawaujui mpaka huo, wakadhani kura yao inaweza kuzuia mradi wa ukubwa wowote. Hata hivyo, ardhi haihamishwi kabla ya kukubaliana juu ya aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia, na kwa maoni yangu sharti hilo lina nguvu kuliko maandamano yoyote.

Upande wa pili, yaani wenye mradi, nao hupenda njia ya mkato: karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa mkutanoni huambatishwa kana kwamba ni ridhaa. Aliyehudhuria hakukubali, alihudhuria. Mahakama maalumu ya rufaa za mazingira nchini Kenya ililigusa jambo hili mwaka 2019, ilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Miongoni mwa sababu ni kwamba mikutano iliyofanyika kabla ya tathmini ya mazingira kukamilika ilikuwa ya utambulisho tu, kwa kuwa wananchi hawakuwa wameelezwa athari zenyewe.

Ndiyo maana nahimiza muhtasari wa mkutano uandikwe vizuri, ukiwa na akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa ili mkutano uwe halali), hoja zilizotolewa na idadi ya waliokataa. Kijiji chenye muhtasari wa namna hiyo kina cha kupeleka Mahakama Kuu. Lakini wanaochoma mitambo ya mradi kwa hasira hugeuka washtakiwa, na madai yao ya fidia hupotelea humo.