Ile sauti ya kuelea si lazima iwe ya kompyuta

Wengi wanaamini bendi za dream-pop (pop laini yenye mwangwi mwingi, kama ndotoni) zenye ile sauti ya anga za juu iliyochanganyika na ukale zinatengeneza kila kitu kwa kompyuta. Zipo zinazofanya hivyo kweli, ila sauti zenyewe zilikuwepo kabla, mfano Mellotron, aina ya kinanda, ilianza kutengenezwa Uingereza 1963, ukibonyeza kibao kimoja unachezesha utepe uliorekodiwa filimbi au vayolini, kasi yake inayumba kidogo (hapo ndo utamu ulipo) na baada ya kama sekunde 8 utepe umeisha, kimya. Mwangwi nao unaweza kutoka kwenye springi tu za chuma ndani ya amplifaya. Ukikutana na amplifaya ya gitaa yenye springi iwashe, fungulia riverbu (kitufe cha mwangwi), igonge kidogo juu, utasikia springi zinaunguruma kama radi.