Mche Mrefu Si Lazima Uwe Mche Mzuri

Kila msimu wa vitalu, wakulima hutuletea miche ya nyanya iliyorefuka kama uzi, shingo imelala, majani yamepauka, wakiuliza waongeze mbolea gani. Mara nyingi mche huo haujakosa mbolea. Umekosa mwanga.

Jaribu nyumbani. Panda maharage kwenye makopo mawili, udongo uleule. Moja liache juani, la pili lifunike kwa ndoo isiyopenya mwanga. Baada ya wiki moja hivi, funua. Utaona shina refu la rangi ya maziwa, kichwa kimepinda kama ndoana, majani madogo bado yamekunjamana. Mmea huo hauumwi. Unajiona bado uko chini ya udongo, kwa hiyo akiba yote ya mbegu inakwenda kwenye shina, kutafuta nuru.

Wanaoendesha kazi hiyo ni homoni, yaani kemikali za mmea zinazoongoza ukuaji wake. Jiberelini huvunja protini zinazozuia shina kurefuka, yaani huachia breki. Ethilini huikaza ile ndoana, ili shingo ndiyo isukumane na udongo, si ncha changa. Udongo ukiwa mgumu, ethilini huongezeka na shina hunenepa.

Mche ukitokeza, nuru hupokelewa na fitokromu, protini iliyotambuliwa mwaka 1959 na watafiti wa Beltsville, Marekani. Mwanga mwekundu huiamsha. Fitokromu iliyoamka huingia kwenye kiini cha seli na kuziondoa protini zilizokuwa zikihimiza kurefuka. Jiberelini hupungua, breki hurudi, ndoana hunyooka, majani hukunjuka na kuwa ya kijani.

Sasa turudi kitaluni. Majani hufyonza mwanga mwekundu, lakini huachia ule ulio pembezoni kabisa mwa wekundu, ambao jicho letu haliuoni vizuri, na huo huizima fitokromu. Miche ikisongamana, kila mmoja huhisi jirani yake hata kabla ya kufunikwa. Hutengeneza oksini, homoni nyingine ya kurefusha, majanini, ikashuka shinani, mbio za urefu zikaanza. Ukiongeza mbolea ya naitrojeni hapo, unaongeza ulaini tu.

Basi punguza miche mapema, na uondoe kivuli kidogo kidogo kabla ya kuihamishia shambani. Nyanya iliyokwisha kurefuka usiitupe: ipandikize kwa kina, shina lizikwe hadi karibu na majani ya chini. Likikaa kwenye udongo wenye unyevu, shina hilo litatoa mizizi.