Picha kwa Masikio: Kuieleza Sanaa ya Kisasa Katika Podikasti

Nilipoanza kurekodi podikasti ya kuwafahamisha wasikilizaji wa kawaida sanaa ya kisasa, kipindi cha kwanza nilikijaza majina ya mikondo na miaka yake, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufundisha darasani. Shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, alikisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Lakini mwanangu, hiyo picha yenyewe ikoje?" Nilikifuta chote. Tangu siku hiyo siingii katika historia wala nadharia kabla msikilizaji hajaipata picha akilini mwake.

Chukua Mraba Mweusi, mchoro wa mwaka 1915 wa Kazimir Malevich, msanii wa Urusi, ambao wengi huutoa kama ushahidi kwamba wasanii wa kisasa wanatucheza shere. Kusema tu kwamba ni mraba mweusi uliozungukwa na weupe hakumsaidii mtu anayesikiliza akiwa ndani ya feri ya Likoni. Mimi huanza na kanga. Namwomba msikilizaji aifikirie kanga iliyofutwa nakshi zote pamoja na jina lake, pindo likabaki jeupe na mji ukawa mweusi, kisha aikate iwe mraba, kwa maana picha hiyo ina sentimita 79.5 kila upande. Wengi hushangazwa na udogo wake.

Kisha huja mahali ilipotundikwa, na hapa ndipo ninapokaa sana. Katika maonyesho ya Petrograd, mji wa Urusi ambao leo ni St. Petersburg, Desemba 1915, Malevich aliipachika juu kabisa, kwenye kona ya kuta mbili, mahali ambapo Warusi wa madhehebu ya Orthodoksi huweka picha takatifu nyumbani mwao. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hutundika Ayatul Kursiy juu ya mlango wa sebule, na mgeni akiinua macho hapo anajua atakachokikuta. Mrusi naye aliinua macho akijua atakachokikuta, akakutana na weusi mtupu. Anayesema kwamba hata mtoto angeweza kuuchora mraba huo anauangalia mkono wa mchoraji na kuusahau ukuta.

Kamera ya Mfaransa Daguerre, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, naitaja kwa ufupi: kazi ya kuhifadhi sura za watu ilipopata chombo kingine, wachoraji walilazimika kujiuliza upya picha ni ya nini.

Mwisho humsogeza msikilizaji karibu na turubai. Weusi ule umepasuka nyufa nyembamba, kama chokaa ya ukuta wa zamani iliyoliwa na chumvi ya bahari, na ndani ya nyufa hizo rangi nyingine zinachungulia. Mwaka 2015 watafiti wa Jumba la Tretyakov, Moscow, inakohifadhiwa picha hiyo, walitangaza kwamba eksirei zimeonyesha michoro mingine ya rangi chini yake.

Kipindi hicho nilimpelekea shangazi. Jioni yake akaniomba nimtumie picha yenyewe kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akawa anazitafuta zile nyufa.