Utando mgumu wa ubongo na kazi yake kwenye fuvu la mtoto

Bibi mmoja wa Bahi alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi minne kwenye foleni ya kliniki, hapa Dodoma mjini. Alikuwa akimpaka mafuta utosini, pale panapobonyea na kudundadunda. Akaniuliza, "Mwanangu, huu mfupa unajuaje kwamba wakati wa kuziba umefika?"

Swali zuri mno. Mfupa haujui. Anayejua zaidi ni utando ulio chini yake.

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Wa ndani ni laini na umeugandia ubongo kila tuta na kila bonde. Wa kati una nyuzinyuzi nyembamba, ndiyo maana wataalamu waliufananisha na utando wa buibui. Wa nje, unaogusana na fuvu, ni imara na hauchaniki kirahisi. Huo ndio utando mgumu, na ndio ninaousema hapa.

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande kadhaa vya mifupa vilivyoachiana nafasi, na nafasi hizo huitwa mishono. Mtoto huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi, na akitimiza mwaka hufika kama 46. Ubongo unapotanuka huuvuta utando mgumu, mishono nayo hupanuka kidogo, kisha kingo za mifupa hujiongezea mfupa mpya.

Lakini si kuvutwa tu. Seli za utando huo hutoa protini zinazoziambia seli za kwenye mshono zizaliane, zigeuke mfupa, au zibaki laini kwanza. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walijaribu kwa panya. Mshono uliohamishwa bila utando wake ulijaa mfupa, uliokuwa na utando ukabaki wazi. Jaribio lililonivutia zaidi lilikuwa la kugeuza mishono. Kwa panya, mshono wa paji hufunga na ule wa nyuma yake haufungi. Walipoigeuza, kila mmoja ukakaa juu ya utando wa mwenzake, mambo nayo yakageuka: uliopaswa kufunga ukabaki wazi, uliopaswa kubaki wazi ukafunga. Amri ilitoka chini.

Kwa binadamu nguvu hiyo huonekana kwa watoto wa chini ya miaka miwili hivi: wakipoteza kipande cha fuvu, utando unaweza kuotesha mfupa upya. Mtu mzima hana bahati hiyo.

Mawasiliano haya yakiharibika, wakati mwingine kwa hitilafu ya vinasaba, mshono hufunga mapema. Ukifunga ule wa katikati ya utosi, kichwa hakiwezi kutanuka pembeni, basi hurefuka kwenda mbele na nyuma. Kufunga mapema kwa mshono wowote hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Kwenye kichwa maji ni kinyume chake: maji husukuma, utando hutanuka, mishono huachana. Kwa hiyo mama, nesi akizungushia futi kichwa cha mwanao, usimharakishe.

Nilimweleza bibi kwamba utosi wa mbele huziba kati ya miezi 12 na 18, wengine hadi 24, na kwamba kuna mwingine mdogo kisogoni unaoziba mapema, miezi miwili au mitatu. Akaupapasa kwa kidole gumba, polepole. Wa mjukuu wake ulikuwa umeshaziba.