Majedwali ya dadu ya kumsaka na kumuua zimwi

Katika michezo ya kuigiza hadithi, jedwali la dadu ni orodha ya matukio yenye namba: unarusha dadu, unasoma mstari uliotoka. Majedwali mengi ya kumsaka zimwi yanaharibikia mahali pamoja: jedwali la safari halijuani na la kuua. Wachezaji wanapigwa na mvua, wanaumwa na nyoka, halafu wanafika mbele ya zimwi mikono mitupu, kana kwamba ndiyo kwanza wametoka nyumbani. Mimi naanzia mwisho. Naandika kwanza zimwi anauawaje, ndipo narudi kuitengeneza njia.

Tuseme zimwi analala kwenye lava, kati ya Goma na Sake, mashariki mwa Kongo. Huko kuna mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo na mabonde. Macho hayaioni. Mbuzi anaweza kufa pale ambapo mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Zimwi wetu kichwa chake kiko juu ya miti, kwa hiyo mazuku hayamwezi mpaka alazwe chini. Hapo tumepata hatua tatu: kumvuta hadi bondeni, kumwangusha, kumzuia asiinuke.

Kila hatua rusha dadu moja. Ukifikisha 6 umefaulu. Bila msaada una nafasi 1 kati ya 6. Kila alama ya hatua hiyo iliyookotwa njiani inaongeza 1, hivyo alama mbili zinakupa nusu kwa nusu.

Safari inarushiwa dadu mbili, unajumlisha. Mistari ya katikati naiandika hivi:

6: Nyayo zimepasua lava, na mguu wa kushoto unaburuta. Alama ya kumwangusha.
7: Volkano ya Nyiragongo inang'aa usiku, na zimwi anaugeukia ule mwanga. Alama ya kumvuta.
8: Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ana kamba na magogo, anataka chakula chenu cha siku nzima. Mkimpa, alama ya kumzuia.

Jumla ya 6, 7 na 8 zinachukua nafasi 16 kati ya 36. Wengi wanapenda kuficha siri ya ushindi kwenye 2 au 12, ambazo kila moja ina nafasi 1 tu kati ya 36. Kwa safari ya mirusho sita, makundi kama 7 kati ya 10 hayatakutana na hata moja kati ya hizo mbili. Huko weka vioja ambavyo mchezo unaweza kuishi bila navyo. Mstari ukijirudia, ukate, ushuke kwenye unaofuata.

Kukosa kusiandikwe "umekosa". Andika kilichobadilika: mwenge umekanyagwa, au mwenzenu ameanguka bondeni na ana zamu moja tu ya kutolewa. Na tafadhali, usimpe zimwi pointi mia mbili za uhai, za kupunguzwa pigo kwa pigo mpaka afe. Hiyo ni hesabu ya kuchosha, uwindaji haumo.

Jedwali la baada ya kifo ndilo linalosahaulika kuliko yote. Katika masimulizi ya shujaa Mwindo ya Wanyanga, watu wa mashariki mwa Kongo, Kirimu, joka la vichwa saba, anauawa na waliomezwa wanatoka wazima. Lakini Nkuba, bwana wa radi, alikuwa rafiki wa joka, na Mwindo anapandishwa mbinguni kujibu. Dadu moja na mistari sita inatosha: nani alimpenda, nani anadai ngozi, nini kinatoka tumboni, na kijiji gani kilikuwa kinaogopwa na majirani kwa sababu yake tu.